Uzi wa Sandarusi

Mama Shija tumemzika Jumatano, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Shija, mwanawe wa kwanza, ambaye siku hizi ana mvi kunizidi mimi, alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti iliyokatikakatika. Baada yake akasimama kijana mmoja wa mambo ya mazingira, shati limenyooka kama ametoka nalo dukani, akasema marehemu alikuwa mwanzilishi wa uchumi rejeshi katika mji wa Kahama, kwamba aliwafundisha wafanyabiashara na wateja kurudisha bidhaa kwenye mzunguko badala ya kuzitupa. Wanawake tuliokaa mkekani tukatazamana. Mama Shija angelisikia neno hilo angeuliza linauzwaje kwa kilo. Sisi tulikuwa tunashona magunia mabovu, basi, na hatukujua kama kazi hiyo ina jina. Hata hivyo kijana alisema kweli, na mimi nililia pale kwa sababu nyingine ambayo haikuwemo kwenye wasifu. Niliishi kwa mama huyu, mtaa wa Nyahanga, mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka ule nilifanya jambo ambalo nimelisimulia mara nyingi, ila sijawahi kulisimulia lote.

Yaliyonifikisha kwake tuyaache. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yalikuwa yale yasiyotajwa mbele ya wageni, na Mama Shija alikuwa anatafuta mikono. Ua wake ulikuwa na banda refu la mabati mbele na vyumba vitatu nyuma: chake, cha magunia yaliyokwisha kushonwa, na changu mimi na Bi Mwajuma, mshonaji wa siku nyingi. Hicho chetu kilikuwa nusu chumba, maana kilikatwa katikati kwa magunia yaliyounganishwa na kuangikwa kwenye boriti kama pazia, na upande wa pili palikuwa jiko. Ukiwa umelala ulisikia nani anafunika sufuria na nani anaonja mboga kabla ya wenzake. Vumbi la magunia liliingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye chai, na wiki ya kwanza nilipiga chafya mpaka Mama Shija akaniuliza, "Kabula, umekuja kufanya kazi au kuamsha majirani?" Nikikumbuka leo vumbi silioni. Naona tumekaa wanawake sita bandani, miguu tumeinyoosha, kila mmoja na shazia yake, ile sindano nene ya kushonea magunia, na katikati yetu sinia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na birika la chai. Mtu akianza hadithi hakuna aliyeinuka mpaka iishe.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya mikono, ilikuwa ya pua. Magunia yalikuja kutoka kila upande: ya dagaa kutoka Nkome kule ziwani, ya mchele kutoka sokoni, ya mbolea kutoka mashambani, na yale yaliyojaa vumbi la mawe, yaliyoletwa kwa pikipiki kutoka kwa wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Nilitakiwa niingize kichwa ndani ya kila moja, nivute pumzi, niseme lilibeba nini. "Gunia lina ukoo wake," Mama Shija alikuwa akisema. "La dagaa linaoa dagaa. Ukiliozesha kwenye mchele, mji mzima utajua kabla ya saa sita." La mbolea halikurudi kwenye chakula hata lifuliwe mara kumi. La mawe lilirudi kwa wachimbaji wenyewe, kwa sababu huko kuna dawa za kukamatia dhahabu, na hakuna pua inayozinusa. Likichakaa kabisa lilijazwa nyasi likawa tandiko la punda wa mkokoteni. Hakuna kilichotupwa, lakini pia hakuna kilichorudishwa ovyo. Hilo la pili nilichelewa kulielewa, na ndilo lililonitia aibuni.

Wateja hawakutupenda mwanzoni. Mzee Ramji, Mhindi mwenye duka kubwa la nafaka sokoni, alimwambia Mama Shija waziwazi, "Mama, mimi nauza mchele, siuzi mitumba." Mama Shija hakubishana naye. Alimwachia magunia ishirini bure, na Jumamosi iliyofuata akanichukua tukaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka lake. Wanawake waliokuja kununua waliyageuza yale magunia ndani nje, wakayanusa, wakayarudisha. Mmoja akasema yeye hawezi kula mchele unaonuka nyumba ya mtu mwingine. "Basi lete la kwako," Mama Shija akamwambia. Yule mama akaenda kweli, akarudi na gunia lake lililotafunwa na panya kwenye pembe. Mama Shija akalishona palepale huku wakiongea habari za mtoto anayeota meno. Wiki iliyofuata yule mama alileta matatu, na shoga yake nyuma. Nadhani watu hawaogopi kitu kilichotumika, wanaogopa kilichotumiwa na mtu wasiyemjua. Haikupita miezi miwili Mzee Ramji akabandika kibao chake mwenyewe, "Leta lililochanika, chukua zima", na akikuona unalikunja gunia vibaya anakugombeza kana kwamba mambo yale aliyaanzisha yeye. Wenye maduka wengine wawili wakaiga upesi, kwa kuwa hakuna mwenye duka anayefurahi kuona foleni kwa jirani.

Aliyenifundisha kushona ni Bi Mwajuma. Wakati ule alikuwa na miaka hamsini na kitu, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, moja lote na jingine nusu. Aliona mwanga na vivuli tu. Lakini mpe gunia uone: vidole vilipita juu ya kitambaa, vikasimama penye tundu hata la kupita punje ya mtama, na shazia ikafuata. Tulikula sinia moja mimi naye, ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, yakiwa yameungwa kwa karanga, na siku za neema dagaa. Alikuwa na tabia ya kusukuma mboga upande wangu akijifanya ameshiba. "Kula, wewe bado unakua," alikuwa akisema, na mimi mtu mzima wa miaka kumi na tisa. Hakuna kazi nyingine aliyoiweza tena. Jikoni aliungua, sokoni alipunjwa chenji. Shazia ndiyo iliyomfanya aitwe fundi, na akiitwa fundi alikaa wima.

Kabla ya msimu wa pamba kufunguliwa, alikuja karani wa chama cha msingi cha wakulima, kijiji kimoja njia ya kwenda Bulyanhulu. Jina lake Masele. Aliagiza magunia mia tatu ya katani yaliyoshonwa upya. Chama kilikuwa kimezoea kununua mapya, kwa hiyo hilo lilikuwa jaribio: yakifaa, vyama vya jirani navyo vitakuja. Mama Shija akatukalisha chini. Magunia ya pamba, alisema, yanashonwa kwa uzi uliofumuliwa kutoka kwenye gunia la katani, na si uzi mwingine wowote, hasa si wa sandarusi, yale magunia ya plastiki. Uzi wa plastiki ukinyofoka ukaingia kwenye pamba, kiwandani haushiki rangi, kitambaa kinatoka na madoa, na pamba yote inahesabiwa fifi, yaani ya daraja la chini. Mkulima amelima mwaka mzima kwa jasho lake, halafu uzi wetu unamshusha daraja. Tukaitikia wote. Kisha yeye akapanda gari kwenda Nkome kufuata magunia ya dagaa, safari ya siku nne.

Kufumua uzi wa katani ni adhabu. Unakatika kila ukiuvuta, na vipande vyake vinachoma kama miiba ya samaki. Siku ya pili vidole vyangu vilikuwa vimevimba, na nilikuwa nimeshona machache kuliko wote, hata kuliko Bi Mwajuma asiyeona. Pembeni palikuwa na rundo la sandarusi za sukari zilizokwisha kabisa, zinangoja kuwashia moto wa jikoni. Nikavuta uzi mmoja, ukaja mrefu, laini, haukatiki. Naapa sikufikiri kwamba naharibu. Nilifikiri nafanya yaleyale tuliyofundishwa: hapa kuna kitu kinakwenda motoni, hapa kuna kazi inayokihitaji, sasa ubaya uko wapi? Yale ya madoa niliona Mama Shija anatia chumvi tu, kama watu wazima wanavyopenda. Lakini kama niliamini hivyo kwa dhati, mbona nilikuwa naupitisha uzi ule kwa upande wa ndani, na nikisikia hatua za mtu naukalia? Nilishona hivyo magunia arobaini na kidogo. Jioni wenzangu wakanisifu kwamba nimepata mkono mwepesi, na mimi nikazipokea sifa.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunakunywa chai, Masele akaingia na pikipiki mpaka katikati ya ua. Salamu alizimeza. Akabwaga chini gunia letu moja tupu, akatoa mfukoni tonge la pamba, akalichambua mbele ya Mama Shija, na ndani yake mkawa na nyuzi nyeupe zinazong'aa. "Mzani umesimama, Mama Shija," alisema. "Wakulima wamekaa chini, wanaambiwa pamba yao ni fifi. Wazee wananiuliza mimi, nani aliyetuletea magunia ya viraka?" Mama Shija akazishika zile nyuzi, akatuangalia mmoja mmoja. Ndipo mwenzetu mmoja, bila nia mbaya, akasema, "Labda Bi Mwajuma. Yeye si haoni uzi ni wa namna gani?" Nitasema kilichonipata wakati ule, maana ndicho kinachoniuma mpaka leo: nilipata nafuu. Bi Mwajuma akasema, "Kama wenye macho mmeona ni mimi, basi ni mimi." Mama Shija akamwendea, akaitoa shazia mkononi mwake taratibu, akampa ufagio.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Bi Mwajuma alifagia banda tangu asubuhi, anakohoa vumbi, anapapasa ukuta ajue ameishia wapi, na hakuna aliyemwita fundi. Wakati wa chakula alisukuma mboga upande wangu kama kawaida. Afadhali angenizaba kibao. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Nilichoogopa kilikuwa kimoja: kurudishwa nyumbani, nishuke stendi na begi lilelile, watu waulize hata kushona magunia nako nimeshindwa. Kwa ajili ya hofu hiyo nilimwacha mwanamke asiyeona apoteze kitu cha pekee alichobakiwa nacho. Siku hizi watu huniambia ujana ni ujinga. Si kweli. Nilijua vizuri kabisa.

Adhuhuri moja kichwa kiliniuma, nikaenda kujilaza. Nikawasikia Mama Shija na Bi Mwajuma wanaingia jikoni, ng'ambo ya magunia, wanavuta vigoda.

"Si wewe," alisema Mama Shija. "Nimelikagua lile gunia. Mshono wako hauruki hivyo."

"Najua si mimi."

"Ni Kabula."

"Najua ni Kabula. Nalala naye. Tangu siku ile hapati usingizi."

"Sasa kwa nini ulikubali mbele ya watu?"

"Ningekataa, ungemuuliza yeye mbele ya watu, naye angekana. Mtoto akishakana mbele ya watu, kurudi nyuma hawezi tena. Mwache aseme mwenyewe."

"Na wewe utafagia mpaka lini?"

"Ufagio si mzito," alisema Bi Mwajuma, kisha wakaanza kuongea bei ya mkaa.

Nililala pale mpaka wakaondoka. Ungedhani niliruka palepale nikaenda kupiga magoti. Sikuruka. Nilikaa na lile nililolisikia kama mtu aliyemeza mfupa, siku ile na nyingine zilizofuata. Halafu asubuhi moja, chai imemiminwa na wote tumekaa, mdomo ukafunguka wenyewe. "Ni mimi niliyetumia uzi wa sandarusi," nilisema. "Bi Mwajuma hakugusa." Chai yangu ilimwagika mapajani, wala sikuhisi inachoma. Mama Shija hakupandisha sauti. Alimaliza kikombe chake, akakiweka chini, akasema, "Vaeni viatu."

Tulikwenda sita kwenye ghala la chama, na chakula chetu cha mchana kwenye kapu. Wakulima walikuwa nje, wamekaa juu ya mafurushi yao, nyuso zimekunjamana. Mama Shija akanisukuma mbele kidogo, nikasema tena, kwa watu wote wale, kwamba ni mimi. Mzee mmoja aliyejifunga shuka begani akaniangalia muda mrefu. "Wangaluka, binti," alinisalimia Kisukuma, kwa adabu zote, kama vile tumekutana njiani. "Una bahati pamba haina mdomo. Haya, kaa chini uchambue." Tukakaa. Tulichambua siku tatu, tonge kwa tonge, na wakulima wenyewe wakashuka kwenye mafurushi wakakaa nasi. Wenye macho tuliinua pamba kwenye mwanga tukikodoa, na uzi mweupe kwenye pamba nyeupe unapotea. Bi Mwajuma hakuinua kitu. Aliminyaminya tonge kwa vidole viwili, akavuta uzi, akauweka pembeni, akachukua tonge jingine. Kufika mchana alikuwa na kirundo kikubwa kuliko chetu sote, na wakulima walikuwa wanampelekea pamba yao yeye kwanza. Masele alisimama kwenye mlango wa ghala, daftari kwapani, anatazama vile vidole. Siku ya tatu alimwambia Mama Shija kuwa chama kitaendelea na magunia yake, kwa sharti kwamba hakuna linalotoka Nyahanga kabla Bi Mwajuma hajalipapasa. Pamba nyingi ilirudishiwa daraja lake. Ya wakulima wawili haikuokoka, na Mama Shija akawashonea magunia yao bure misimu miwili.

Basi Bi Mwajuma akarudishiwa shazia, na juu yake akawekewa kiti mlangoni pa banda, kila gunia likapita mapajani mwake. Siku ya kwanza alinirudishia saba. Mwaka ule ulivyoisha nilikuwa narudishiwa moja, na vyama vingine vitatu vya pamba vilikuwa vinatuletea yao. Leo nina karakana yangu Shinyanga mjini, wanawake wanne na mashine mbili, tunashona mifuko kutokana na magunia na mahema makuukuu, na mtu akiniletea wazo zuri la kutumia kitu kilichokwisha, swali langu la kwanza ni kitakwenda kugusana na nini. Lakini wateja wanaonijua hawanijui kwa hilo. Mama Shija aliisimulia habari ya uzi ule kwa miaka na miaka. Kwa Mzee Ramji, kwa makarani wa pamba, kwa wasichana wapya wa bandani. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wakwe zangu akasema, "Mnachukua binti aliyesema ukweli bila kuulizwa." Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikainama chini ya shela langu. Walidhani naona haya ya bibi harusi.

Jumatano, watu wa mazishi walipoanza kutawanyika, nilimkuta Bi Mwajuma chumba cha ndani, peke yake, mtandio mweupe kichwani. Siku hizi haoni hata mwanga. Nilimwamkia shikamoo, akanijua kwa sauti, akaushika mkono wangu akaanza kuupapasa kama alivyozoea. Nikaona nisiposema leo sitasema tena. Nikamwambia kwamba sikuwa mkweli kama walivyodhani. Kwamba adhuhuri ile nilikuwa nimelala ng'ambo ya pazia, nikasikia kila neno, na nilipokiri nilikuwa nimekwisha kujua kwamba wanajua. Nikamwambia Mama Shija amekufa akinisifu kwa kitu ambacho sikuwa nacho. Nililia nikisema, kilio cha kukwaruza.

Bi Mwajuma akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Mwanangu, tulijua umelala pale," alisema. "Tulikuja kuongelea pale kwa sababu umelala pale. Wazo lilikuwa lake, si langu. Ukakaa kimya siku ya kwanza, ukakaa siku ya pili. Siku ya tatu nikamwambia, Mama Shija, amesikia na bado hasemi, mfukuze tu. Akaniambia, mpe nafasi."

"Kumbe alijua?"

"Alijua."

"Na bado akasimama kwenye harusi yangu akasema nilisema bila kuulizwa? Mbele za watu wote wale? Kwa nini aliniita hivyo?"

Bi Mwajuma alikuwa amefika kwenye kidole changu cha shahada, penye sugu ya shazia, akaizungushia kidole gumba chake polepole.

"Ili uwe hivyo," alisema.